Asilimia ya Nani?

Makongeni, Thika
10 Machi 2024

Kwako Wanja, binti yangu, maitu wangu,

Salamu nyingi. Natumai wewe na mjukuu wangu Cindy mko salama huko Ruiru, na kile kifua cha Cindy kimetulia. Mimi niko sawa. Goti linanisumbua asubuhi tu, likishapata moto linasahau.

Barua hii nimempa Magdalene jirani akuletee, kwa kuwa yeye hupita hapo sokoni Ruiru kila siku na mitumba yake. Usishtuke kuona barua. Si ugonjwa. Ni jambo ambalo nikikwambia kwa simu utacheka kabla sijamaliza, na mimi nataka nimalize.

Nimejiandikisha kufanya mtihani wa kidato cha nne.

Sasa cheka, halafu endelea kusoma. Pale nasari ya kanisa, ambapo nimekaa na watoto tangu wewe ukiwa sekondari, kumekuja mkurugenzi mpya. Alituita mmoja mmoja. Mimi aliniambia, "Mama, watoto wanakupenda, lakini mwakani siwezi kuwa na mtu asiye na cheti." Na chuo cha walimu wa watoto wadogo hakinichukui bila alama za kidato cha nne. Mimi niliachia kidato cha pili, unajua, wakati cucu wako, mamangu, alipopooza na wadogo zangu wakabaki mikononi mwangu.

Kwa hivyo naenda darasa la jioni la watu wazima. Kiswahili ni changu, Dini ni yangu, Kiingereza tunasukumana. Hesabu ndiyo inanikalia kifuani. Mwalimu wetu, kijana anaitwa Wamalwa, ni mzuri lakini anakimbia. Akifuta ubao mimi bado natafuta kalamu. Wewe unafundisha Hesabu wasichana wa watu kila siku, nami nikiwa na mwalimu nyumbani natafuta nini kwingine? Niandikie, usinipigie. Maneno ya simu yakishapita yamepita. Barua nitaisoma mara kumi.

Hili swali hapa ndilo limenishinda. Nimelitafsiri mwenyewe kutoka Kiingereza: Katika shule moja, asilimia 70 ya wanafunzi husoma Historia, asilimia 55 husoma Jiografia, na asilimia 10 hawasomi yoyote kati ya hizo mbili. Ni asilimia ngapi wanasoma zote mbili?

Nikijumlisha napata mia moja ishirini na tano. Nami najua asilimia mwisho wake ni mia. Hao ishirini na tano wa ziada wametoka wapi? Wameruka ua?

Ni mimi mamako,
Waithira


Ruiru
7 Aprili 2024

Mami mpendwa,

Habari ya huko nyumbani? Sisi hatujambo. Cindy amepona kifua, sasa anasumbuliwa na jino. Pole kwa goti.

Barua yako niliipata, nikaisoma mara mbili. Sikucheka. Lakini, Mami, nitasema ninavyofikiri. Una miaka hamsini na saba. Umefanya kazi tangu ukiwa mtoto. Kama nasari hawakutaki bila karatasi, waache. Mimi nipo. Huu ni wakati wako wa kupumzika, si wa kukaa kwenye dawati jioni na vijana wa kurudia mtihani.

Swali lako si gumu. Tumia kanuni hii: wa kwanza, jumlisha wa pili, toa wa zote mbili, ni sawa na mia toa wasio na lolote. Kwa hivyo 70 + 55 − x = 100 − 10. Basi 125 − x = 90, na x = 35. Jibu ni asilimia 35. Ishike hiyo kanuni kichwani, maswali yote ya aina hiyo yatakubali.

Shule imenibana sana muhula huu, ndiyo maana sijafika huko.

Mwanao,
Wanja


Makongeni, Thika
19 Mei 2024

Wanja,

Hamjambo? Mimi sijambo.

Sikukuandikia kwa sababu nilikuwa nimekasirika, na mimi nikikasirika mwandiko unaharibika. Sasa umerudi.

Umeniambia nipumzike. Nipumzike kutoka kwa nini? Tangu tumzike baba yako nyumba hii imejaa mapumziko. Naamka ndani yake, nalala ndani yake. Saa zangu nzuri ni zile watoto wa watu wananivuta sketi wakitaka kufungwa viatu. Hizo ndizo wanataka kuninyang'anya. Sifanyi mtihani ili nipate kitu cha kuweka kwa fremu.

Na hiyo kanuni yako sijaielewa. Hiyo x ni nani? Nilimwonyesha Wamalwa, akasema "Ni sawa kabisa, Mama," akaenda zake. Niliishika kichwani kama ulivyosema. Wiki iliyofuata akaleta swali la watu wanaokunywa chai na kahawa, nikaitafuta, nikakuta nimeishika upande wa nyuma. Nikapata jibu la watu themanini chini ya sifuri.

Nifundishe vile unavyofundisha wale wasichana wako. Au niambie hutaki, nijue.

Mamako


Ruiru
26 Mei 2024

Mami wangu,

Pole. Magdalene aliniletea barua nikiwa darasani, nikaisomea ofisini mlango umefungwa. Umesema kweli. Wasichana wangu hata siku moja sijawaandikia vile nilivyokuandikia wewe.

Hebu tuanze upya, na tuanzie nyumbani.

Unakumbuka ploti yetu ya kwanza hapo Makongeni, kabla baba hajapata hiyo nyumba unayokaa sasa? Nyumba ishirini, kumi huku na kumi huku, bomba katikati. Jioni moshi ulikuwa unajaa mpaka mtoto anatambua kwao kwa harufu ya mboga. Sasa fikiria wewe umetumwa uhesabu majiko. Una chaki mkononi. Unapita mara ya kwanza, unabisha kila mlango, unauliza: mna jiko la makaa? Wakisema ndiyo, unachora alama moja mlangoni. Unamaliza, unahesabu alama: kumi na nne. Kumi na nne kati ya ishirini ni asilimia sabini.

Unapita mara ya pili. Mna stovu ya mafuta ya taa? Wakisema ndiyo, unachora alama. Unapata kumi na moja. Hiyo ni asilimia hamsini na tano.

Jumla ya alama za chaki ni ishirini na tano. Lakini nyumba ni ishirini! Hakuna aliyeruka ua, Mami. Ni kwamba kuna milango ina alama mbili. Mlango wetu ulikuwa mmoja wao. Makaa kwa githeri ya mahindi na maharagwe, stovu kwa chai ya baba akitoka zamu ya usiku. Sisi tulihesabiwa mara mbili.

Ila ngoja. Kuna milango miwili haina alama hata moja. Mzee Ephantus yule mlinzi, ambaye alikuwa anakula hotelini, na Mama Mwelu, aliyekuwa anapikia kuni kule nyuma kwa ua. Hao wawili ndio asilimia kumi. Kwa hivyo zile alama ishirini na tano zimekaa kwenye milango kumi na minane tu. Ishirini na tano toa kumi na nane ni saba. Milango saba ina alama mbili. Saba kati ya ishirini ni asilimia thelathini na tano.

Hiyo ndiyo x. Ni sisi na majirani sita.

Kwa hivyo kila swali la namna hii, usikimbilie kanuni. Chora milango. Jiulize nani amehesabiwa mara mbili, na nani hajabishiwa kabisa. Watu wengi wanafeli kwa kuwasahau wale wasio na alama. Wanatoa mia kutoka kwa mia na ishirini na tano, wanaandika ishirini na tano.

Nimekaa na barua hii muda mrefu kuliko inavyohitaji. Nimeanza kukumbuka na siwezi kuacha. Yule mtoto wa mlango wa saba aliyekuwa anaimba chooni ili watu wajue kuna mtu. Ile siku bomba lilipasuka na akina mama wote wakafua bure mpaka jioni. Unakumbuka?

Mwanao anayekupenda,
Wanja


Makongeni, Thika
16 Juni 2024

Maitu wangu,

Habari ya siku nyingi? Cindy jino limetoka? Mwambie cucu amesema asilitupe ovyo.

Haiya, sasa umesema! Nilisoma ile barua nikiwa nimesimama, na nilipofika kwa milango yenye alama mbili nikakaa chini. Nimeyafanya maswali ya chai na kahawa, ya simu na redio, ya ng'ombe na mbuzi. Yote nimechora milango. Wamalwa ameangalia kitabu changu akauliza, "Mama, hizi sanduku zote ni za nini?" Nikamwambia ni ploti. Hajaelewa lakini ameweka tiki.

Lakini nakurekebisha mahali. Mama Mwelu alikuwa na stovu. Alinunua ile ya kijani ya jirani Mama Dhwani, akina Dhwani walipohamia karibu na hekalu. Hakuwa tu na mafuta ya kuiwasha, akaiweka juu ya kabati na ua la plastiki juu yake. Je, huyo anahesabiwa ana stovu ama hana? Nimelala na hilo swali siku mbili.

Bomba lilipopasuka nakumbuka. Nilifua hata mapazia ambayo hayakuwa machafu.

Kuna kitu sijawahi kukwambia. Unakumbuka mkifanya hesabu na baba yako mezani, mimi nilikuwa naondoka naenda kwa jiko. Ulishawahi kuniambia ukiwa darasa la saba, "Mami wewe hupendi hesabu." Baba yako aliwahi kuniita, "Waithira, kuja ukae hapa na sisi," nikasema ugali unaungua. Haukuwa unaungua. Nilikuwa naona aibu mtoto wangu anipite nikiwa nimekaa hapo hapo. Lakini nilikuwa nasikiliza. Na zile karatasi mlizoharibu mlikuwa mnanipa niwashie jiko. Nilikuwa nazisoma kwanza, halafu ndiyo nawasha.

Baba yako Gathogo alikuwa mwalimu wa kuzaliwa, sijui nani alimdanganya akawa fundi wa mitambo ya kiwanda cha nguo. Alikuwa anatoka zamu ya usiku saa kumi na mbili asubuhi, macho mekundu, pamba kwa nywele, na bado anakuuliza, "Jana tulifika wapi?"

Leta swali lingine. Gumu kidogo.

Mamako,
Waithira


Ruiru
30 Juni 2024

Mami,

Salamu kutoka kwetu. Jino lilitoka, tumeliweka vizuri.

Sikujua hayo ya karatasi. Nimekaa nayo wiki nzima. Nitakujibu siku nyingine, leo niachie tu nikupe swali.

Kuhusu stovu ya Mama Mwelu: mtahini angeuliza "ana stovu", angehesabiwa. Angeuliza "anapikia stovu", hangehesabiwa. Kwa hivyo soma swali polepole. Neno moja linahamisha mtu kutoka nyumba hadi nyumba.

Hili lingine ni la kiwanda. Asilimia 60 ya wafanyakazi ni wanawake. Asilimia 30 ya wanawake hao hufanya zamu ya usiku. Asilimia 42 ya wafanyakazi wote hufanya zamu ya usiku. Je, ni asilimia ngapi ya wanaume hufanya zamu ya usiku?

Onyo moja tu. Kila ukiona asilimia, isimamishe uiulize: wewe ni asilimia ya nani? Ikikosa kujibu, usiendelee.

Mwanao,
Wanja


Makongeni, Thika
4 Agosti 2024

Wanja,

Mko wazima? Huku baridi ya Julai imekataa kuondoka. Navaa koti la baba yako nikisoma.

Nimepata kumi na mbili. Arobaini na mbili toa thelathini. Najua ni makosa kwa sababu imekuwa rahisi. Nimeiuliza ni asilimia ya nani, ikaninyamazia.

Magdalene ameniambia alikuona hapa Thika. Wiki mbili zilizopita, karibu na stendi ya magari ya Makongeni. Alisema ulikuwa na mkoba wa kahawia, ukasimama, gari likajaa likaondoka, lingine likaja likajaa, halafu ukavuka barabara ukapanda la kurudi Ruiru. Alikuita lakini hukusikia.

Sikuulizi. Nimeona tu nikwambie kwamba najua, ili usibebe peke yako.

Mamako


Ruiru
13 Oktoba 2024

Mami mpendwa,

Natumai barua hii itakukuta mzima. Najua imepita miezi miwili na zaidi. Nilianza kuandika mara nyingi, nikifika pale kwa stendi kalamu inasimama.

Juzi Magdalene aliniambia kwamba nasari walikuachisha kazi Septemba, hata mwaka haujaisha, na kwamba wamemleta msichana mwenye cheti. Na kwamba vitabu umevifunga kwa katoni. Pole sana, Mami. Nilimuuliza, "Alisema nini?" Akasema ulirudi nyumbani ukafua.

Sitakwambia uvifungue. Hiyo ni juu yako. Nitakwambia yangu.

Ni kweli alikuona. Na si mara hiyo tu. Tangu tumzike baba nimefika Thika kama mara tatu, nimenunua nanasi, nimerudi. Si wewe ninayekukwepa. Ni ile meza. Naogopa nikifungua mlango nitaiona iko pale, kiti chake kimeegemezwa ukutani vile alikuwa anakiweka, na hakuna mtu wa kuniuliza jana tulifika wapi. Nafundisha asilimia kila muhula, Mami, darasa baada ya darasa, na kila neno nililonalo ni lake. Wasichana wakielewa wanapiga makofi, na mimi nageukia ubao kujifanya nafuta.

Ile hesabu ya majiko sijaitoa kwa kitabu chochote. Nilipokuandikia mwezi wa tano ndiyo mara ya kwanza kuifundisha. Sasa nimeipeleka darasani. Wamecheka, wameniuliza kuhusu ploti, na hata wale wa nyuma wameipata.

Jibu la kiwanda ni hili, ukitaka. Ukikwama na asilimia, sema watu ni mia. Wanawake ni sitini. Thelathini kwa mia ya hao sitini ni kumi na wanane. Hao ndio wanawake wa usiku. Watu wote wa usiku ni arobaini na wawili. Toa kumi na wanane, wanabaki ishirini na wanne, na hao lazima wawe wanaume. Wanaume wote ni arobaini. Ishirini na nne kati ya arobaini ni asilimia sitini. Wewe ulitoa thelathini ya wanawake kutoka kwa arobaini na mbili ya watu wote. Hizo hazitoani, kama vile huwezi kutoa lita kwa kilo.

Magdalene atanipitia Ijumaa. Ukitaka kuniandikia, mpe. Usipotaka, nitaelewa.

Mwanao,
Wanja


Makongeni, Thika
24 Novemba 2024

Kwako maitu wangu,

Salamu. Sisi wa huku tuko hai, na mvua ya vuli imetunyeshea vizuri. Samahani kwa kuchelewa. Nilikuwa na mtihani.

Ndiyo. Nilifungua katoni. Si kwa sababu ya nasari, hao nimewaacha na Mungu wao. Nilipopata barua yako nilijaribu lile la kiwanda kabla ya kusoma jibu. Nililifunika na sahani. Nikasema watu ni mia, kwa sababu hilo jicho lilikuwa limeliona. Nikafika kwa sitini mwenyewe, nikainua sahani, nikakuta sitini. Wee! Nilipiga kelele mpaka Magdalene akagonga ukuta. Nikaona nikiacha sasa nitakuwa nimeacha nikiwa karibu, na kuacha namna hiyo nilishafanya mara moja nikiwa na miaka kumi na sita. Sitaki kuijua tena.

Siku ya Hesabu nilikuwa kituoni mapema sana. Vijana wote wanashikashika kalamu. Msichana wa kando yangu aliniuliza, "Cucu, wewe ni msimamizi?" Nikamwambia, "Mimi ni mtahiniwa kama wewe, na hata rula nimeisahau." Alicheka. Akaniazima rula.

Swali la kumi na moja lilikuwa letu. Wakulima. Asilimia 80 wanapanda mahindi, asilimia 45 wanapanda maharagwe, asilimia 5 hawapandi lolote. Tafuta wanaopanda yote mawili. Nikachora milango, msimamizi akapita akaangalia, akaenda. Alama mia na ishirini na tano, kwenye milango tisini na mitano. Thelathini. Nikaandika, nikapiga mstari chini yake.

Halafu likawa na kipande cha pili. Ikiwa wanaopanda yote mawili ni 84, wakulima wote ni wangapi? Hapo nilisimama. Hilo hatukufanya. Nilitaka kuandika themanini na nne jumlisha kitu. Nikaweka kalamu chini, nikaiuliza ile thelathini: wewe ni asilimia ya nani? Ni ya wakulima wote. Basi hawa themanini na wanne ndio thelathini yao. Kumi yao ni ishirini na nane. Na mia? Mia mbili na themanini. Niliiangalia, Wanja. Ilikuwa imekaa pale imetulia kama mtu aliyefika kwake.

Mengine mengi sikuyaweza. Ile ya duara na pembe nimeandika jina langu tu.

Sasa kuhusu meza. Umeniambia yako, nami nikwambie yangu. Mwanzoni hata mimi nilikuwa nakula nikiwa nimesimama kwa jiko ili nisiikalie. Lakini mtu hawezi kufanya hesabu za logi amesimama. Machi niliisogeza karibu na dirisha kwa sababu ya mwanga. Nimeichoma upande mmoja na sufuria, nimemwaga wino, nimeweka karatasi chini ya mguu kwa kuwa inayumba. Kile kiti cha ukutani ndicho nakalia, ni kizuri kwa mgongo. Gathogo angenigombeza kwa ile alama ya sufuria.

Ukiiona sasa pengine hutaijua.

Mamako,
Waithira


Makongeni, Thika
19 Januari 2025

Wanja wangu,

Heri ya mwaka mpya kwako na kwa Cindy. Mimi ni mzima, hata goti.

Matokeo yametoka, najua ungetaka kujua siku hiyo hiyo, lakini nilitaka niyaandike kwa mkono wangu. Kiswahili B. Dini B. Kiingereza C. Biolojia na Kemia, tusizungumze. Hesabu, D+. Jumla, D+.

Wamalwa alitaka kunifariji, nikamwambia aache. Chuo cha hapa mjini kinaanzia hapo hapo kwa D+. Nimeenda, nimekaa kwa foleni na wasichana wa miaka kumi na minane, nimepewa barua. Tunaanza Mei. Nasari ya kanisa sirudi. Kuna nyingine upande wa viwandani inataka mtu wa kusaidia asubuhi huku akisoma, na mwenyewe ni mama mtu mzima, anaitwa Parvati. Hakuniuliza umri. Aliniuliza kama ninaweza kumnyamazisha mtoto anayelilia mamake. Nikamwambia hiyo nilijifunza bila mwalimu.

Wewe ndiye ulinifikisha. Baba yako pia, lakini wewe ndiye uliyeandika.

Jumapili ijayo nitakuwa nyumbani. Nitapika njahi, yale maharagwe yetu meusi, na chapati. Sikuiti. Nakwambia tu nitakuwepo, na chakula kitakuwa kingi.

Mamako


Ujumbe wa simu, Jumapili 26 Januari 2025

Mami ni Wanja. Tuko hapa nje na Cindy. Nimesimama kitambo kidogo kabla ya kubisha, sasa nimebisha na husikii. Jua linatuchoma na nanasi limeanza kuvuja kwa mkoba.


Jibu

Nilikuwa nyuma naosha sufuria maitu. Mlango haujafungwa, hicho chuma huwa kinashika tu. Sukuma kwa nguvu. Nakuja.